Vitunguu vya Harusi na Darasa la Wifi Time

Kama hujapata kulala chali juu ya maganda ya vitunguu, mchana kweupe, uani kwa watu, wifi yako kakukalia mapajani, shoga yako kakushika mikono, na kaka yako wa tumbo moja yuko kwenye spika ya harusi anawatangazia wageni waliotoka Msuka kwamba "dada yetu huyu si mwendawazimu, ana sonona tu, nawaomba msimcheke", basi weye aibu hujaijua, umeisikia tu ikitajwa. Mie naijua. Nimeilalia. Ina harufu ya vitunguu na jasho la wifi Time (ambaye si mwepesi, nasema hapa hapa, na akisoma asome).

Na majina nayataja. Watu wameshaniambia, Bi Raya, yaache hayo, yamepita. Yamepita kwenu nyie mliokwenda zenu nyumbani mkacheka mpaka mkashika mbavu. Kwangu mie hayajapita, ndiyo kwanza yamekaa kitako.

Mie ni mpishi wa shughuli hapa Vitongoji. Skuli niliishia darasa la nne, lakini niambie watu wako wangapi na unataka pilau au biriani, nitakwambia kuni kiasi gani, nyama kiasi gani, na nani katika jamaa zako atakuja kuiba mafuta. Harusi, hitima, maulidi, kote huko aliyesimama kwenye jungu na upawa ni mie, na sikai chini mpaka sinia la mwisho litoke. Si majivuno. Watu walikuwa wakija kuniuliza nina nafasi lini, ndipo waende kwa shehe kupanga siku ya ndoa.

Halafu nikaumwa. Na ugonjwa wenyewe haukuwa na adabu ya kuja na homa au kidonda, kitu cha kuonyesha watu. Asubuhi moja niliamka nikaona kanga yangu ni nzito kuivaa, nikarudi kulala, nikageukia ukutani, na huko ukutani nikakaa miezi. Wakija wageni wanauliza, "Kafiwa na nani?" Sikufiwa. "Kaachwa?" Nimeachwa zamani, nikashukuru. "Sasa ana nini?" Hilo ndilo nililokuwa nikiuuliza ule ukuta.

Mie naishi kwa kaka yangu, Faki, na mkewe Time. Faki akafanya anachokijua, akaleta watu wakanisomea, nikanyweshwa kombe, yale maji ya aya zilizooshwa sahanini, halafu akamleta na mzee mmoja akanifukiza mpaka kuku wakahama banda. Time yeye alikuwa na dawa yake moja tu, alisimama mlangoni na ufagio akasema, "Wifi, mbona mie sijapata nafasi ya kuumwa huo ugonjwa wa kulala?"

Kuna siku nilifika mbali kuliko ninavyotaka kuandika hapa. Mungu akanirudisha, nikapelekwa hospitali, nikamkuta daktari mmoja mwanamke ambaye hakuniuliza nimefiwa na nani, aliniuliza kama nalala. Nikalia palepale kitini. Akanipa vidonge, akanipa na jina la ugonjwa, sonona, na pole pole kanga ikaanza kuwa kanga tena.

Sasa hapo ndipo likaja darasa.

Tukaambiwa kuna mafunzo ya jamaa za wagonjwa kama mie, wanakaa kwa kikundi, kila wiki, kule Gombani, wanafundishwa sonona ni kitu gani na mtu aishi vipi na mwenye nayo. Mwalimu anaitwa Bwana Khatib, kijana wa Chake, shati la mikono mirefu, sauti laini kama anambembeleza mtoto mwenye homa. Mgonjwa mwenyewe hatakiwi, akasema, ili jamaa wawe huru kusema yaliyo moyoni. Mie nikafurahi. Nikamwambia Faki, nendeni, nendeni, na mkipewa la kesho kutwa nendeni pia (nilikuwa nataka nyumba iwe kimya kidogo, basi, hakuna zaidi).

Na nitasema haki. Siku ya kwanza Time alirudi kutoka kule, hakuvua hata buibui, akaja akakaa pembezoni mwa kitanda changu akasema, "Wifi, nilikuita mvivu. Nisamehe. Sikujua kama ni maradhi." Siku hiyo nililia kilio cha kweli na yeye akalia, tukafutana machozi kwa kanga moja. Darasa lile lingefungwa siku ile ile, mie ningempelekea Bwana Khatib halua kwa mikono yangu.

Halikufungwa. Lilikuwa na chai na sambusa, litafungwaje?

Wiki ya pili wakafundishwa kumsifu mgonjwa kwa kila hatua ndogo. Basi mie nimetoka kuoga zangu, nina ndoo mkononi, nasikia kigelegele, lakini kigelegele cha harusini, kile cha kuingizia bwana harusi. Jirani yetu Bi Zuhura, shoga yangu wa tangu utoto, akaja mbio anafunga kanga njiani. "Hongereni! Nani kaposwa?"

"Hakuna aliyeposwa," Time akamjibu, uso unang'aa. "Wifi kaoga."

Wiki nyingine wakafundishwa wasiniache peke yangu. Nikienda chooni Time yuko nje anakohoa. Nikikawia anagonga, "Wifi, uko salama?" Niko salama, Time, lakini shughuli niliyojia hapa imekimbia. Wiki nyingine Faki kafundishwa kuniuliza furaha yangu leo ni ngapi kutoka moja mpaka kumi. Ananiuliza mezani, ananiuliza uani, ananiuliza mbele ya watu wanaoleta pweza. Nikisema tatu machozi yanamlengalenga. Nikisema tisa ananitazama kama nimeiba kitu. Nikajifunza kusema sita. Sita inamridhisha, anakwenda zake kazini.

Wiki nyingine visu vikahama. Vyote. Time alivitia kwenye sanduku la kanga zake akafunga kwa ufunguo, na ufunguo akauning'iniza kifuani. Mie, mpishi wa shughuli, nikawa nachuna ndizi mbichi kwa mgongo wa kijiko.

Na kuna somo moja sikuambiwa, nimekuja kulijua baadaye, laiti ningelijua mapema nisingetoka ndani. Bwana Khatib aliwaambia hivi: mgonjwa atawaficha. Mkimkuta analia jikoni atasema ni moshi, atasema ni kitunguu. Msidanganyike.

Shika hilo hapo.

Binti yake Bi Zuhura akaposwa na watu wa Msuka. Bi Zuhura akaja mwenyewe, akakaa kwenye mkeka wangu, akasema, "Raya, jungu langu hili nani atasimama nalo kama si weye?" Nyie hamwezi kujua maneno hayo yaliingia wapi. Tangu niumwe hakuna aliyeniita, walikuwa wakimwita Bi Maryam wa upande wa pili, ambaye wali wake (sisemi mengi) unaweza kujengea ukuta. Nikajua pilau hii ikitoka sawa, basi mie nimerudi watuni, nimekuwa Raya wa jungu tena. Na ikiharibika nitabaki kuwa yule mgonjwa wa kwa Faki mpaka nizikwe.

Time hakutaka. "Watu wengi, moto, kelele. Mwalimu alisema tusiwatwishe mzigo." Nikamwambia mzigo ni kukaa ndani nasifiwa kwa kuoga. Siku ya siku nikaondoka alfajiri naye hajaamka. Faki alinikuta mlangoni. "Ngapi leo?" "Sita, kaka." Nikapita.

Na wallahi asubuhi ile ilikuwa kumi. Majungu yamepangwa kwenye mafiga, kuni kavu, nyama inachemka vizuri, natoa amri na watu wanatii, wewe lete maji, wewe ondoa huyo mtoto, hakuna anayenisemesha kwa sauti ya kubembeleza. Majungu ya mwanzo nikayapalia makaa juu ya mifuniko, nikasema nageuza baada ya muda kidogo. Limebaki jungu la mwisho, la wageni wa heshima, na vitunguu vyake havijaisha kukatwa.

Mpishi mkuu hakati vitunguu. Hiyo ni kazi ya wasichana. Lakini wasichana wenyewe walikuwa wanamzungumza bwana harusi, mara mrefu, mara ana gari, na vitunguu wanavikata mapande mapande kama wanamlisha ng'ombe. Nikasema, "Lete hapa!" Nikanyakua kisu na beseni. Hilo ndilo kosa langu lote, mnaweza kulipima wenyewe. Na kwa kuwa moshi ulikuwa umegeukia upande wetu, nikaenda kukaa nyuma ya banda la makumbi ya nazi, peke yangu, juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikaanza kukata.

Vilikuwa vile vyekundu vidogo, vikali. Machozi yananiteremka mpaka kidevuni, pua nayo haiko nyuma, na mie nafuta kwa bega naendelea, tena naimba chini chini.

Time akatokea pembeni ya banda. Kavaa gauni la harusi, kajipara, alikuwa ananitafuta majunguni hanioni. Akanikuta niko peke yangu, ninalia, nina kisu.

"Wifi," akasema. Ile sauti ya Bwana Khatib, lakini inatoka kinywani mwa Time. "Wifi Raya. Naomba ukiweke kisu chini. Taratibu."

"Nini weye? Nenda kanitazamie nyama."

"Nakuona unalia."

"Ni vitunguu hivi, Time!"

Akaweka mkono mdomoni. "Ndiyo yayo," akasema. "Ndiyo yayo hasa aliyoyasema mwalimu!"

Nikainuka nimuulize mwalimu gani na kasema nini, na kisu bado ninacho, na hapo Time akatoa ukelele ulionyamazisha kasida upande wa pili wa nyumba. "Fakiii! Kisu! Ana kisu!"

Sasa harusini ukisema kisu, nani atabaki kakaa? Walikuja wote. Na Time, aliyefundishwa kwamba mgonjwa akumbatiwe, akanikumbatia, na uzito ukafanya kazi iliyobaki. Beseni huko, kisu huko, mie chini, Time juu. Bi Zuhura akanidaka mikono. "Raya, shoga'angu, kwa nini leo? Kwa nini kwangu?"

"Kafanya nini huyu?" wageni wakaulizana.

"Alitaka kujichinja."

"Kwa kisu cha harusi? Astaghfirullahi!"

"Ana sonona, wamesema."

"Huyo shetani wa wapi? Wa huku kwetu au kaletwa kutoka Unguja?"

Nikapiga kelele, "Niachieni, jungu langu linaungua!" Time akawaambia watu, "Msimsikilize, mwalimu alisema atabisha." Nikanyamaza. "Kanyamaza! Hiyo ndiyo mbaya zaidi!" Basi mie nikacheka, maana ningefanya nini tena, na nilipocheka wale wa nyuma wakarudi nyuma zaidi na mmoja akaanza kusoma dua.

Faki je? Faki alifundishwa kwamba sonona isifichwe, watu waambiwe wazi ili wasininyanyapae. Kaka yangu mtiifu. Alikwenda moja kwa moja kwa watu wa kasida akachukua maiki, na zile spika zilikuwa zimefungwa juu ya mnazi ili kijiji kizima kipate harusi. Kijiji kizima kikapata. Akawaambia mie si mwendawazimu. Akawaambia mkimuona dukani msemesheni, mkimuona peke yake kaeni naye, mkimuona na kitu chenye makali mchukulieni kwa upole. Halafu sauti ikamkatika, akasema, "Leo asubuhi nilimuuliza, akaniambia sita. Sita, ndugu zangu. Nilipaswa kujua."

Mie niko chini nasikiliza sita yangu inakwenda mpaka baharini.

Na wakati huo wote hakuna aliyekumbuka majungu. Wali wa chini ukawa mkaa, wa juu mchele. Ndoa ikafungwa, wageni wa Msuka wakakaa kwenye mikeka, masinia yakaja. Mjomba wa bwana harusi alitia mkono, akatafuna, akauliza kwa adabu tu, "Nani kapika?" Na mtu wa kwetu, Mungu anamjua, akamjibu, "Yule wa kwenye spika."

Sinia likasukumwa. La pili likasukumwa. Wakala ndizi, wakanywa maji, wakaomba ruhusa. Mama wa bwana harusi kabla hajaondoka alimvuta Bi Zuhura pembeni, mie nimeshakalishwa kwenye kiti cha plastiki karibu yao na kanga nimetupiwa mabegani kama mtu aliyeopolewa majini, nasikia kila neno. "Yule ni wa ukoo wenu?"

"Hata!" akasema Bi Zuhura. "Jirani tu. Wala si wa karibu."

Ua wetu ni mmoja, jamani. Kuku wake anataga kwangu.

Tangu siku hiyo wote wamekuwa wazuri kwangu mpaka natamani matusi. Wananisalimia pole pole, kwa maneno machache, kama mtu anayevuka daraja bovu. Hitima iliyofuata nilikwenda na kanga ya kazini nimeshaifunga kiunoni. Wakanipokea, wakanikalisha na wageni, wakaniletea sahani iliyofunikwa na kijiko. Nikasema nipeni kazi. Wakanipa mchele nichambue, na msichana wa kukaa na mie. Jungu lilikuwa la Bi Maryam. Nilipoinuka kwenda kuonja chumvi tu, nikaona wanawake wawili wanatazamana, na mmoja akasogea akasimama baina yangu na jungu. Wanaogopa nitatia kitu. Mie, niliyewalisha kwenye harusi zao wenyewe.

Nikapanda gari mpaka Gombani, siku ya darasa, nikaingia bila kualikwa. Time alikuwa mbele na sambusa mkononi. Nikamwambia Bwana Khatib mie ndiye yule. Akafurahi! Akasema kisa changu amekwishawasimulia vikundi vingine, ni mfano mzuri wa familia iliyochukua hatua kwa wakati, na kama sitojali angependa tupige picha.

"Vilikuwa vitunguu," nikamwambia.

Akainamisha kichwa upande. "Nakusikia, Bi Raya."

"Husikii. Vilikuwa vitunguu vya pilau."

"Na unavyojisikia ni sawa kabisa," akasema, huku anamtazama Time, na Time akatikisa kichwa kwa huzuni, na chumba kizima kikanitazama kwa upendo, na mie nikaona kwamba nikisema neno moja zaidi nitakumbatiwa tena.

Sasa nasema haya kwa kuandika, maana kwenye karatasi hakuna wa kunikalia. Time nimemsamehe, alinikimbilia mie siku ambayo wengine wangekimbilia nyama. Faki nimemsamehe nusu, nusu nyingine akiacha kuniuliza ngapi. Bi Zuhura namwachia Mungu na kuku wake. Darasa silipigi vita, kuna nyumba bado mtu kageukia ukuta na jamaa zake wamesimama mlangoni na ufagio, waende, wafundishwe. Ila mie nimeapa sitomwacha tena mtu yeyote akafundishwe habari zangu chumba ambacho mie simo.

Lakini weye, Bwana Khatib, weye sijakusamehe, na nataka unijibu. Uliwafundisha ndugu zangu wasiniamini. Ulifundisha hivyo kwa sauti nzuri, hukuniuliza hata siku moja mie nafanya kazi gani, na sasa watu hawali mkono wangu. Kwa hiyo uje Vitongoji. Nitaita watu wale wale. Nitakata vitunguu mbele yako, nitalia nipendavyo, nitapika jungu zima, nitakupakulia mwenyewe, na utakula weye wa mwanzo, mbele yao, mpaka sahani iwe tupu, halafu utawaambia kwa kinywa chako kwamba ulikosea.

Siku ile Gombani uliinamisha kichwa ukatabasamu. Sitaki tabasamu. Unakuja lini?